Kabla hujamruhusu mtoto apande Lupanga: kisa cha Sabaya na baridi ya mlimani

SEHEMU YA 1: SWALI LA INBOKSI

 

Wiki hii nilipanga tuendelee na mambo ya chanjo. Lakini Jumanne, nimetoka zamu ya usiku, nikakuta ujumbe inboksi kutoka kwa mama mmoja wa hapa hapa Morogoro. Mwanawe ana miaka 16. Yeye na wenzake saba wamepanga kupanda Lupanga Jumatatu ya Pasaka, peke yao, bila mwenyeji. Wameshachanga hela ya soda na mikate. Mama anauliza: "Nesi, nimruhusu? Nikikataa ananiambia namfanya mtoto mdogo."

Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili, nikafuta. Hili jambo halijibiwi kwa mistari miwili, na nadhani si yeye peke yake mwenye swali hilo. Kwa hiyo chanjo tutarudi, leo naomba tukae na mlima.

Sisi tunaoishi Bigwa tunauona mlima kila siku. Unafungua mlango kufagia uwanja, Uluguru iko pale. Unaanika nepi, iko pale. Ndiyo maana tunaudharau. Kitu unachokiona kila siku unadhani unakijua.

Hata mimi niliudharau. Nilikuwa mwaka wa pili wa diploma ya uuguzi. Ilikuwa Aprili, siku ya mapumziko, tuko sita, tumevaa jinzi na raba, mmoja wetu kandambili. Kila mtu na chupa ya maji na andazi. Mjini jua lilikuwa limewaka, lakini mlima ulikuwa umefunikwa na wingu kuanzia katikati kwenda juu. Tulipofika kwenye nyumba za mwisho, kwenye migomba na mashamba ya maharage, tukamkuta bibi mmoja anapepeta nje. Tukampa shikamoo. Akauliza tunakwenda wapi, tukasema kileleni.

Akatazama juu, akatuambia, "Wajukuu zangu, leo mlima umejifunika. Rudini, mje siku nyingine. Kule juu kuna wenyewe."

Tulicheka. Siyo mbele yake, lakini tulipopiga hatua ishirini tulicheka. Unajua "wenyewe" maana yake nini: mizimu. Na sisi ni wasomi bwana, tuna mitihani ya anatomia.

Saa nane mchana hakuna aliyekuwa anacheka. Yaliyotupata nitayasimulia sehemu ya 4. Kwanza nataka nikupeleke nyuma, zaidi ya miaka 170, hadi Machame, maana neno la yule bibi lina historia ndefu, na imeandikwa.

SEHEMU YA 2: WATU WA RENGWA

Mwaka 1848 mmisionari mmoja Mjerumani, Johannes Rebmann, alitoka kituo chake cha Rabai karibu na Mombasa, akatembea kwa miguu kwenda Uchagani. Tarehe 11 Mei akauona mlima Kilimanjaro, na juu yake kitu cheupe. Akamuuliza kiongozi wake kile ni nini. Kiongozi hakuwa na jina lake. Alichoweza kusema ni neno moja: baridi.

Hebu lifikirie hilo jibu. Mtu ameona theluji, lugha yake haina jina la theluji, akaita kwa kile inachomfanya mtu. Rebmann alikulia kwenye nchi ya theluji, akaelewa mara moja. Habari ilipofika London, wataalamu wa jiografia wakabisha. Mmoja wao, William Desborough Cooley, alishikilia kwa miaka mingi kwamba karibu na ikweta theluji haiwezi kuwepo. Kumbe wenyeji walishajua siku nyingi, na walijua kwa gharama kubwa.

Maana Rebmann alisimuliwa kisa hiki. Mangi Rengwa wa Machame, baba yake Mamkinga, yule aliyekuwa anatawala Rebmann alipofika, aliwahi kutuma kundi la watu wapande juu wakaangalie ile nyeupe ni nini. Walidhani huenda ni fedha. Watu wakaondoka. Katika kundi lote akarudi mmoja tu, anaitwa Sabaya, mikono na miguu yake imeharibika kwa baridi na kupinda. Wengine wote walifia huko. Na watu wakasema wameuawa na mizimu ya mlimani.

Mama mwenzangu, tusiwacheke. Hao hawakuwa wajinga. Walizaliwa kwenye mteremko wa mlima ule ule. Walijua kupanda, walijua kubeba, walijua mvua. Lakini walizoea mlima wa chini, ule wa migomba na mifereji. Mlima wa juu hakuna aliyekuwa ameuishi. Mavazi yao yalikuwa ya migombani, na kama kuna aliyewaambia kwamba kuna baridi inayoua, bila shaka walidhani ni baridi ile ya alfajiri ambayo mtu anaota moto inaisha.

Sasa nisikilize kama nesi. Ile mikono na miguu ya Sabaya, mimi nikisoma naelewa. Mwili ukipoa sana unafanya uchaguzi: damu inakimbilia moyo, mapafu na ubongo, vidole vinaachwa. Kwenye baridi ya barafu, nyama ya vidole inaganda na kufa. Mtu akipona anabaki na viganja vilivyojikunja. Hakuna mzimu hapo.

Na ile mizimu pia naielewa, na hili ni wazo langu mwenyewe baada ya miaka ya wodini. Mtu ambaye mwili wake umepoteza joto haanguki tu akafa kimya kimya. Kwanza anabadilika. Anaongea maneno yasiyoeleweka. Anagombana na wenzake bila sababu. Anatembea kama mlevi. Wengine mwishoni wanahisi wanaungua, wanavua nguo zote wakiwa katikati ya baridi, au wanajichimbia kwenye kijipango na kujificha. Haya madaktari wanayajua na yameandikwa. Hebu jiweke nafasi ya mtu wa Machame wa wakati ule: mwenzako aliyekuwa mzima asubuhi, sasa anaongea peke yake na kuvua nguo kwenye barafu. Ungesema nini? Ungesema ameingiwa.

Kwa hiyo neno "mizimu" lilibeba kitu cha kweli ndani yake. Wazee hawakuwa na kipimajoto. Walichojua ni kwamba watu walipanda hawakurudi, na wakatafuta namna ya kuwaambia wajukuu wasipande.

SEHEMU YA 3: WALIOFUATA, NA NANI ALIPIGWA NA BARIDI

Baada ya Rebmann wakaja wengine. Nawaeleza kwa kifupi, lakini angalia jambo moja: kila mmoja alikuja na hela na vyombo, na bado mlima ulimrudisha.

Agosti 1861 alikuja Baron Karl Klaus von der Decken pamoja na mwanajiolojia Mwingereza, Richard Thornton. Walifika kama mita 2,500 tu, hali ya hewa mbaya ikawashinda, wakageuza. Mita 2,500! Huo urefu haujazidi sana huu mlima wetu. Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote vya Uluguru, kimepita mita 2,600. Decken hakuwa na aibu. Alirudi Desemba 1862 na mtu mwingine, Otto Kersten, wakafika kama mita 4,300, wakageuza tena.

Agosti 1871 akaja mmisionari Charles New kutoka Ribe, huko huko karibu na Mombasa. Yeye aliigusa theluji. Lakini alianza na watu kadhaa, na baridi ikawapunguza mmoja mmoja njiani. Aliyekwenda naye mbali kuliko wengine alikuwa mtu wa pwani, Tofiki, naye akafika mahali miguu ikakataa, akakaa chini. Mimi nikisoma hapo sifikirii ushujaa wa New. Namfikiria Tofiki amekaa peke yake juu ya mawe, mtoto wa pwani, nguo za pwani, anasubiri. Bahati yake ni kwamba New alirudi kwa wakati.

Hans Meyer alijaribu mwaka 1887, akafika kwenye ukingo wa barafu, hana vifaa, akageuza. Aliporudi 1889 alikuwa amejifunza. Alikuja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima mzoefu kutoka Austria. Aliweka kambi kwa hatua, akapanga chakula kiwe kinapandishwa huko juu ili asilazimike kushuka kila akiishiwa. Na juu huko alibaki nao mtu mmoja kutoka Pangani, Mwini Amani, analinda kambi na kuwapikia. Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller walifika ukingoni mwa bonde la kreta, wakaona kilele bado kiko mbele na nguvu hazitoshi. Wakashuka. Tarehe 6 Oktoba wakapanda tena, wakafika. Ndicho kilele tunachokiita leo Uhuru, mita 5,895.

Umeona? Mtu wa kwanza ambaye tuna hakika alifika kileleni ni mtu aliyegeuza nyuma zaidi ya mara moja. Siku tatu tu kabla ya kufika, aligeuza akiwa anakiona kilele.

Na jambo la pili. Katika habari hizi zote, mwenye buti na koti zito ni tajiri wa msafara. Aliyebeba mzigo alivaa shuka. Kwa hiyo baridi haikuwapiga wote sawa. Hili halikuisha na karne ile. Wapagazi wa Kilimanjaro, wale tunaowaita wagumu, wameendelea kupanda miaka na miaka na viatu vilivyotoboka na sweta moja. Ndiyo maana tangu mwaka 2003 kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi kule Moshi, na moja ya kazi zake ni kuwaazima nguo za baridi bure, arudishe akishuka. Nimelipenda sana jambo hilo, kwa sababu linakiri ukweli: mgumu hafi kwa kukosa ugumu. Anakufa kwa kukosa koti.

SEHEMU YA 4: SISI SITA NA YULE BIBI

Sasa turudi kwetu Aprili ile.

Mvua ilitukuta msituni, tumeshapanda sana. Siyo mvua ya mjini ya kupiga na kuondoka. Ilikuwa mvua inayokaa, na upepo, na ukungu hadi humwoni aliye mbele yako. Njia ikawa mfereji. Tunashika mizizi kwa mikono. Mwenye kandambili alishazipoteza zote mbili. Jinzi zikalowa, na jinzi ikilowa ni kama umevaa ndoo ya maji.

Hesabu yake ni hii. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6. Morogoro mjini ni kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, Lupanga ni zaidi ya mita 2,100. Maana yake juu kuna nyuzi kama 10 chini ya mjini. Ukiondoka Msamvu unatokwa jasho na nyuzi 25, kule juu ni 15. Utasema nesi, 15 si baridi ya kuua. Ukiwa mkavu, kweli. Ukiwa umelowa, upepo unavuma, umechoka na tumboni kuna andazi moja tu, inaua. Mwili wako ni nyuzi 37. Ukishuka chini ya 35 tunaita haipothemia, na huhitaji theluji kufika hapo.

Shoga yangu mmoja, mwembamba kuliko sote, alianza kutetemeka. Tukamtania. Halafu akaanza kujikwaa. Nilimwambia afunge kamba ya raba, vidole vikakataa. Akaanza kuongea habari za mtihani uliopita mwaka jana, maneno yanamtoka mazito kama mtu aliyekunywa. Halafu akaacha kutetemeka, akasema hana baridi tena, anataka kulala kidogo.

Nikafurahi. Nikasema afadhali, amezoea.

Nimekaa na hilo neno "afadhali" miaka yote hii. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Haipothemia nilishafundishwa darasani, ya watoto wachanga, na nilipata maksi nzuri. Sikuitambua kwa rafiki yangu. Mtu akiacha kutetemeka na bado hajapata joto, mwili umeishiwa mafuta ya kujipasha. Hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Aliyetuokoa ni kaka mmoja wetu aliyesema basi, tunashuka, kilele kisitupeleke kaburini. Tulimshika shoga yetu huku na huku, tukateleza naye mpaka zile nyumba za mwisho. Giza lilikuwa linaingia. Bibi alikuwa mlangoni. Hakuuliza wala hakusema niliwaambia.

Alitufukuza wanaume nje ya chumba, akamvua yule binti nguo zote za maji. Akamfuta kwa khanga kavu. Akamlaza kwenye mkeka mbali kidogo na moto, akaniambia mimi, niliyekuwa nimeshajikausha, nivue nami nilale naye, ngozi kwa ngozi, halafu akatufunika blanketi mbili na magunia juu. Kichwa chake akakifunga kitambaa. Hakumsugua miguu. Alipoanza kutetemeka tena bibi akasema, "Haya, amerudi." Alipoweza kukaa na kumeza mwenyewe, akapewa chai ya mchaichai yenye sukari nyingi, kidogo kidogo. Mmoja wetu aliuliza kama kuna pombe ya kumchangamsha. Bibi akamkatalia.

Miaka michache baadaye nikapangiwa wodi ya watoto njiti. Siku ya kwanza nikaoneshwa huduma ya kangaroo: mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, amefunikwa. Walituambia ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na upungufu wa mashine za kuwapasha watoto joto. Nilisimama pale nikamkumbuka bibi. Kila alichofanya kilikuwa sahihi, na mimi mwenye vitabu ndiye niliyesema afadhali.

SEHEMU YA 5: JIBU LANGU

Mama uliyeniuliza, jibu langu ni hili: asiende Jumatatu ya Pasaka. Pasaka kila mwaka inaangukia Machi au Aprili, na hiyo ndiyo masika yetu. Siyo kwamba asiende kabisa. Mpeleke neno hili: "Mwezi wa saba, mvua ikiisha, utakwenda, na nitakupa nauli na sweta." Usimwambie mlima ni mbaya. Mlima ni mzuri, na kijana anayetaka kupanda ni kijana mwenye afya.

Ila siku hiyo ikifika, haya yawepo:

1. Mwenyeji. Uluguru juu ni hifadhi ya mazingira asilia. Waulizie utaratibu na kibali ofisi ya misitu, na wapate mtu wa kuwaongoza anayejua njia. Mwenyeji ndiye anayejua kuusoma mlima.

2. Saa ya kugeuza. Wakubaliane kabla ya kuondoka: ikifika saa sita mchana, popote walipo, wanarudi. Mvua ikianza, wanarudi. Yeyote akisema nimeshindwa, wanarudi wote. Mkumbushe kwamba hata Meyer aligeuza.

3. Nguo. Jinzi hapana, fulana ya pamba peke yake hapana. Mitumba imejaa masweta ya sufu na makoti ya mvua kwa bei ya kawaida kabisa. Nguo kavu ya kubadilisha iwe ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, pamoja na khanga au blanketi jepesi. Na kofia.

4. Chakula. Siyo soda na mkate tu. Karanga, mayai, ndizi, viazi. Mwili unajipasha kwa chakula.

5. Wafundishwe dalili. Anatetemeka sana, anajikwaa, vidole haviwezi kufunga kamba, anaongea kilevi, amekuwa mkali au mkimya ghafla: hapo hapo simameni. Mtoeni kwenye upepo, mvueni vya maji, mvikeni vikavu, mtu mmoja amkumbatie ndani ya blanketi. Kitu cha moto chenye sukari kama yuko macho na anameza vizuri. Pombe hapana, inamfanya ajisikie moto huku joto linatoka. Msimsugue mikono na miguu, wala msimlazimishe kutembea kama amelegea. Akiacha kutetemeka na anataka kulala, hiyo ni dharura, tafuteni msaada na mumshushe hospitali kwa uangalifu.

6. Wadogo zaidi. Kama unambeba mtoto mgongoni kwenda kupiga picha huko juu, jua kwamba wewe unatembea na unapata joto, yeye amekaa tu. Na mwili mdogo unapoa haraka. Mguse kifuani na mgongoni mara kwa mara, siyo mikono tu. Mtoto aliyepoa halii sana, ananyamaza. Usifurahie kwamba ametulia.

Na la mwisho, kwa vijana wenyewe kama mama zenu wamewaonesha hii posti. Mzee akiwaambia kule juu kuna wenyewe, msibishane naye habari za mizimu. Muulize tu: "Bibi, leo mlima ukoje?" Hilo ndilo anachojua, na hilo ndilo mnalohitaji.

Shoga yangu yule mzima, ana watoto wawili. Hii posti nimemtumia kwanza, akaniruhusu. Bibi alishatangulia mbele ya haki. Tulimpelekea blanketi mbili mpya mwezi wa sita mwaka ule ule, akazipokea, akatuuliza kama kileleni tulifika. Tukasema hapana. Akasema, "Basi mna akili kidogo."

Yule mama amenijibu asubuhi hii. Mtoto amenuna, lakini amekubali mwezi wa saba. Nimemwambia akinuna huku amekaa sebuleni kwako, hiyo ni neema.

Wiki ijayo tunarudi kwenye chanjo, nimeshaahidi. Mwenye swali aulize hapa chini, nikitoka zamu nitajibu. Muwe na usiku mwema, na mtoto afunikwe vizuri, mvua imeanza kunyesha huku Bigwa.

Nesi wenu.